Mshale wa simu hauoni korongo

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari wa Jumamosi iliyopita ulikuwa na picha nzuri ya maporomoko ya maji yaliyojificha korongoni. Chini ya picha mliweka latitudo na longitudo, mkamshauri msomaji aingize tarakimu hizo kwenye simu na kuufuata mshale mpaka afike. Na picha sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na mshale.

Maporomoko hayo nayajua. Nilikwenda huko siku si nyingi kabla ya picha yenu kutoka, peke yangu, kutafuta kisanduku ambacho mtu alikificha jirani nayo. Kwa hiyo ninaposema kwamba anayeufuata mshale kutoka barabarani hatatokea kwenye maji bali juu ya ukingo wa korongo, sisemi kwa kusikia. Jina la mahali silitaji hapa. Nanyi hamkulitaja, mkidhani mmepatunza, lakini kwa kuchapa tarakimu mmetoa zaidi ya jina. Jina moja linaweza kuwa la vijito vitatu tofauti. Tarakimu zina mahali pamoja tu duniani.

Nijitambulishe kidogo, maana bila hivyo mtasema ni bibi mwingine anayelalamikia simu. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kujua kitu kiko wapi na kujua kwa uhakika gani, na hilo la pili ndilo watu husahau. Nimeshinda juani nyuma ya theodolaiti, chombo chetu cha kupimia pembe, miaka na miaka, nikimpungia mkono kijana mwenye fimbo asogee kulia kidogo, kidogo tena, basi hapo hapo. Siku hizi wajukuu wamekua, magoti yangu yanapenda kupanda kuliko kushuka, na burudani yangu ni huo mchezo wa visanduku, uitwao jiokeshi.

Kwa wasioujua: mtu anaficha kisanduku mahali, ndani anaweka daftari, anapima mahali pale kwa GPS, kisha anazitangaza tarakimu. Mwingine anakwenda, anatafuta, akikipata anaandika jina lake na tarehe na kukirudisha palepale. Hakuna zawadi. Ukichukua kitu kilichomo, uache kingine cha thamani ileile au zaidi. Wengi wetu hatuchukui kitu. Ni burudani ya watu wasiohitaji kupigiwa makofi.

Ulianzia Marekani, na chanzo chake nakikumbuka vizuri kwa sababu kiligusa kazi yetu. Hadi mwaka 2000 jeshi la nchi hiyo, ambalo ndilo lenye setilaiti za GPS, lilikuwa likiiharibu kwa makusudi ishara waliyopewa raia. Kipokezi cha mkononi kiliweza kukuweka karibu mita 100 kando ya mahali uliposimama, na baada ya dakika chache kikakuweka upande mwingine, wakati wewe hujainua mguu. Sisi wapimaji tulikuwa na mbinu za kulisahihisha hilo. Mtu wa kawaida hakuwa nazo. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Bill Clinton akatangaza kwamba uharibifu huo unakomeshwa usiku uleule. Tarehe 3 Mei, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaacha ndoo nyeusi ya plastiki porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, ndani yake vitabu, programu za kompyuta, kopo la maharage na vikorokoro vingine, akazitangaza tarakimu zake. Mike Teague ndiye aliyeifikia wa kwanza. Leo visanduku ni zaidi ya milioni 3 duniani kote, na mwaka 2008 kimoja kilipelekwa hadi kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambako magoti yangu hayanifikishi.

Nimeyaeleza haya kwa sababu mwandishi wenu ameandika kama kwamba kumpeleka mtu kwenye tarakimu ni jambo jipya na jepesi. Watu wa visanduku wamelifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, na wameshajua panapouma. Kisanduku hakitangazwi na tarakimu tupu. Kinapewa alama mbili, kila moja kuanzia 1 hadi 5: moja ya ugumu wa kukitafuta, moja ya ugumu wa ardhi. Ukiona ardhi ina 5, ujue kuna kamba, mtumbwi au kifaa kingine maalumu. Mwenye kisanduku anaweza pia kuongeza tarakimu za pembeni: pa kuegesha gari, njia inapoanzia, kivuko kilipo. Kabla hakijatangazwa kuna mtu anayejitolea kukikagua kama kimefuata taratibu, mathalani kwamba mwenye ardhi ameridhia, kwamba hakikufukiwa udongoni, kwamba kiko angalau mita 161 kutoka kingine.

Halafu kuna wanaokwenda. Kila mmoja huandika alichokuta, na mimi napenda zaidi maandishi ya waliokosa. Aliyepata huandika "asante kwa kisanduku" akaondoka zake. Aliyekosa ana uchungu, kwa hiyo anaeleza: mti umeanguka njiani, mto umejaa, nimefika pale mshale uliponipeleka na sikuona pa kushukia. Nilipoyasoma ya kisanduku hiki, karibu wote walioshindwa walikuwa wamefanya jambo lilelile ambalo gazeti lenu linashauri. Waliacha gari barabarani mahali palipo karibu zaidi kwa kutazama ramani, wakanyoosha.

Nami nilipita pale kwanza, kwa makusudi, nione wenzangu walikwama wapi. Ni mwendo mfupi kutoka barabarani, kwenye majani yaliyolazwa na miguu ya watu hadi yamekuwa kijia. Kijia hicho ndicho hatari yenyewe, kwa sababu kinamwambia anayefuata kwamba njia ni hii. Kinaishia kwenye ukingo. Chini yako kuna vilele vya miti, na mvumo wa maji unausikia lakini maji huyaoni. Simu yangu iliandika mita 140, na mshale ukanyooka mbele bila wasiwasi wowote. Mita 140 hizo ni za mlalo, za ndege arukaye. Simu haikujua kwamba baada ya hatua nne ardhi inakwisha.

Pembeni ya ukingo niliona mti mwembamba ambao gome lake limechubuka na kulainika upande mmoja, usawa wa mkono. Watu wameushika wakijaribu kushuka. Mizizi yake imeanza kulegea. Ukiusukuma kwa kidole, udongo unapasuka upande wa juu. Siku mti huo utakapong'oka utakuwa umeshikwa na mtu. Nimempigia simu mhusika wa eneo lile kumweleza, na ameahidi kuziba kile kijia.

Njia halisi inaanzia mbali, na kinachowashinda watu si urefu wake. Inakupeleka kinyume. Unapoanza kutembea, maporomoko yako mgongoni. Kila ukisonga, umbali kwenye simu unaongezeka: mita 300, 450, 600. Mshale umegeuka unaonyesha ulikotoka. Hapo anayeiamini simu kuliko miguu yake anageuka, akisema njia imempoteza. Anayejua kusoma ramani ya kontua, yenye mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi, ataona mistari imebanana kama nywele upande ule wa ukingo, kisha inaachana taratibu kule mbele ambako korongo linapanuka. Maji yamejichimbia njia kwa maelfu ya miaka, na mahali pekee pa kuingilia ni pale yenyewe yanapotokea. Kwa hiyo unazunguka, unashuka kwa kupindapinda mpaka kwenye kijito, kisha unakipanda kijito kurudi juu. Mwenda pole hajikwai, na nilikuwa na siku nzima.

Chini ya korongo simu ikaanza kubabaika, na hapa naomba radhi kwa kurudi darasani. Setilaiti za GPS ziko juu yetu kama kilomita 20,200. Kila moja inatuma ishara yenye saa yake, na simu inapima ishara imechukua muda gani kufika ili ijue umbali. Inahitaji setilaiti 4: tatu za kupata mahali na moja ya kuirekebisha saa ya simu yenyewe, ambayo si ya kutegemewa. Ishara inakwenda kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni kosa la sentimita 30. Sasa ingia kwenye korongo. Kuta zinaziba setilaiti zote zilizo chini karibu na upeo wa macho, zinabaki chache za utosini. Ishara nyingine zinagonga mwamba kwanza ndipo zikufikie, na safari hiyo ya ziada simu inaihesabu kuwa ni umbali. Majani yenye maji nayo yanadhoofisha hicho kidogo kilichobaki. Nilisimama juu ya jiwe moja bila kusogea, nikatazama umbali wa kufika kwenye kisanduku ukiruka: mita 9, mita 31, mita 17, mita 26, huku mshale ukizunguka. Nikaizima skrini, nikaitia simu mfukoni.

Ndugu Mhariri, tarakimu zenu zilikuwa na nafasi 6 baada ya nukta ya digrii. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Gawanya kwa milioni: sentimita 11. Mmewaambia wasomaji kwamba mnajua maporomoko yako wapi kwa upana wa kiganja, na kipimo kimechukuliwa kwa simu, ndani ya korongo. Simu janja ya kawaida, kwenye uwanja wazi usio na mti wala ukuta, inakosea kiasi cha mita 5, na hiyo ni siku njema. Sisi wa visanduku tunaandika digrii na dakika, na nafasi 3 baada ya nukta ya dakika, ambayo kwa latitudo ni hatua ya kama mita 1.85, hata hizo tunajua ni nyingi kuliko tunavyostahili. Enzi zangu kijana aliyeniletea tarakimu ambazo chombo chake hakiwezi kuzipima nilikuwa namrudisha porini akapime upya.

Nimeziweka tarakimu zenu kwenye ramani. Zinaangukia katikati ya kidimbwi, pale maji yanapotua. Ongeza mita 20 upande wowote upendao, utakuwa bado majini au umegonga mwamba.

Na maji hayo si ya mchezo. Maporomoko ya aina hii hutokea pale mwamba mgumu unapokaa juu ya mwamba laini. Maji yanakula ule laini wa chini haraka zaidi, yanachimba pango nyuma ya pazia, na ule mgumu wa juu unabaki ukining'inia hewani bila nguzo, mpaka siku unapoanguka. Ndivyo maporomoko ya Niagara yalivyorudi nyuma kiasi cha kilomita 11 katika miaka kama 12,000. Yale mawe makubwa yenye pembe kali yaliyotapakaa chini yalianguka kutoka juu, na mengine yatafuata. Nyuma ya pazia la maji, ambako picha yenu inaonyesha mtu amesimama amenyoosha mikono, ni chini kabisa ya hilo dari lisilo na nguzo. Halafu kidimbwi chenyewe, pale maji yanapotua, kimejaa mapovu. Maji yenye hewa nyingi hayambebi mtu vizuri, hata muogeleaji hodari. Maji usiyoyafika hujui kina chake. Haya nimeyafika na bado kina chake sikijui.

Aliyekificha kisanduku alikuwa mtu mwenye akili. Kidokezo chake kilikuwa na maneno mawili: "Huhitaji kulowa." Kwa hiyo upande wote wa rasharasha nikauondoa kichwani. Ukabaki ukingo wa kulia, juu ya alama ya mafuriko, ambayo unaijua kwa majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi kimo cha kifua. Huko juu, karibu na kangaga, kulikuwa na mawe bapa yaliyolala yote upande mmoja jinsi mwamba ule unavyopasuka. Moja lilisimama wima. Jiwe halijisimamishi. Nikalitoa, na nyuma yake kwenye ufa kavu kulikuwa na kisanduku cha plastiki chenye kufuli nne za kubana na mpira kwenye kifuniko, kimezungushiwa mkanda wa rangi ya udongo.

Ndani hakukuwa na tone la maji. Daftari dogo ndani ya mfuko, kipande cha penseli (kalamu ya wino haifui dafu kwenye karatasi yenye unyevu), gololi ya bluu, kigari cha kuchezea kilichopoteza gurudumu, na kibati chenye namba, kimoja kati ya vile vinavyohamishwa kutoka kisanduku hadi kisanduku huku mwenyewe akifuatilia kimefika wapi. Nikakaa nikasoma majina. Kuna ukurasa wenye alama ya dole gumba la tope. Kuna mtu aliyeandika kwa mkono wa kushoto, au alikuwa anatetemeka kwa baridi. Kuna mtoto aliyechora maporomoko kwa mistari mitatu tu, na ni mchoro sahihi kuliko picha yenu kwa kuwa ameweka na ukuta wa mwamba kila upande. Nikaandika langu, nikakichukua kibati nikipeleke mbele, nikaacha filimbi mpya. Jiwe nikalirudisha, likasimama kama nilivyolikuta.

Kabla sijaanza kutafuta nilikuwa nimechomeka kijiti kwenye mchanga, pale maji yanapoishia. Ni desturi ya kazini. Ukifanya kazi karibu na mto unaweka alama kwanza. Nilipofunga kisanduku nikakitazama kijiti. Kilikuwa majini. Si sana, upana wa vidole viwili hivi, lakini maji yaliyokuwa angavu yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya udongo, na majani mabichi yalikuwa yakipita, yaani majani yaliyong'olewa muda huohuo. Angani juu ya korongo kulikuwa kweupe. Mvua ilikuwa inanyesha kwingine, huko mto unakotoka, na mimi nilikuwa mwishoni mwa mfereji wake. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na njia ya kutokea inakatiza kijito. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka, bila kupiga picha. Nilipofika kwenye njia ya kupanda nilisikia mvumo umebadilika, umekuwa mzito.

Sasa mfikirieni msomaji wenu ambaye ameshuka kwa kung'ang'ania ule mti, amefika chini na simu mkononi, anazunguka akitafuta mahali ambapo skrini itaandika sifuri. Macho yake yako kwenye mshale. Kijiti hajachomeka. Na pa kutokea hapajui, kwa sababu hakuingilia pa kuingilia.

Najua kuna watakaosema, na mwanamke wa umri huo anafuata nini korongoni peke yake? Nitajibu kwa kifupi. Ninakwenda peke yangu kwa sababu peke yangu natazama. Wenzangu wanapiga soga, na soga haikuonyeshi jiwe lililosimama. Ila kwenda peke yako ni kazi, na kazi hiyo inaanzia nyumbani. Namwachia binti yangu karatasi: nimeegesha wapi, nimeingia kwa njia ipi, saa ngapi nitageuka hata kama sijaona kitu, na saa ngapi asiponisikia aanze kuwapigia watu simu. Hiyo saa ya kugeuka haijadiliwi. Ramani naipakua kabla, kwa sababu korongoni hakuna mtandao. GPS haihitaji mtandao, inapokea tu ishara kutoka juu, lakini ramani isiyopakuliwa itakuonyesha doti ya bluu kwenye karatasi tupu. Simu naiwasha mapema mahali pa wazi, kwa sababu bila mtandao inachukua muda mrefu zaidi kuzikamata setilaiti. Nabeba betri ya akiba, tochi, dira, ramani ya karatasi na filimbi, ingawa filimbi karibu na maporomoko husikika na mpigaji tu. Binti yangu huniambia karatasi yangu ni ndefu kuliko wosia. Aseme atakavyo, mradi anaisoma.

Sisemi mahali pafichwe. Ningekuwa mchoyo wa namna hiyo nisingecheza mchezo huu, ambao kazi yake nzima ni kumwonyesha mtu baki mahali unapopapenda. Watu waende, na wengine wapeleke watoto wao. Lakini katika mchezo wetu anayeweka tarakimu anabaki na wajibu: kisanduku kikipasuka anakwenda kukibadilisha, njia ikifungwa anatangaza, ardhi ikichakaa kwa miguu ya watu anakiondoa kabisa. Nimeona visanduku vilivyoondolewa na wenyewe kwa sababu tu majani yameanza kufa pembezoni. Na kuna aina nyingine, EarthCache, ilianza mwaka 2004 pamoja na Chama cha Jiolojia cha Marekani, ambayo haina kisanduku kabisa. Unafika, unatazama mwamba, unajibu maswali juu ya ulichokiona, na hakuna anayefukunyua mawe. Kwa maporomoko yenye ukingo dhaifu hiyo ndiyo ningeipendekeza, na nimemwandikia mwenye kisanduku kumwambia hivyo. Amejibu kwa upole kwamba atafikiria. Gazeti likichapa tarakimu, nani atakwenda kuona majani yamekufa?

Ombi langu ni hili. Toleo lijalo, mahali palepale na kwa ukubwa uleule wa herufi, wekeni tarakimu za mahali njia inapoanzia badala ya zile za kidimbwini, na mseme wazi kwamba zile za awali zisifuatwe. Nimeziandika kwenye karatasi ya pili ya barua hii, pamoja na mchoro wa njia niliouchora mwenyewe kwa mkono. Uko kwa vipimo, mchoraji wenu asiunyooshe. Mseme pia kwamba simu itaonyesha umbali ukiongezeka kwa muda mrefu na kwamba ndivyo inavyotakiwa. Mseme ni msimu wa kiangazi tu. Na ile picha ya mtu aliyesimama nyuma ya pazia la maji ningeiondoa kwenye mtandao wenu, ingawa najua ndiyo iliyosomwa zaidi.

Kama mwandishi wa ukurasa ule anataka kwenda kuhakikisha, nitampeleka. Aje na viatu vyenye meno na penseli. Tutaanza asubuhi, na saa ya kugeuka nitaipanga mimi.

Wenu,
Mpima ardhi mstaafu
(Jina na anwani vimehifadhiwa kwa Mhariri)